Mgeni njoo mwenyeji apone: zawadi ya Krismasi isimfukuze rafiki

DESEMBA imeingia na jiji la Nairobi limeanza kupungua watu. Vituo vya mabasi vimefurika wasafiri, nauli zimepanda kama ilivyo ada, na kila mwenye kwao anafunga mizigo kwenda kuwaona wazee. Hata hivyo, si wote wanaoondoka. Wapo wauguzi na polisi walio zamu, mabawabu, vijana wanaotafuta kazi, wazazi wasiomudu nauli ya watu watano kwenda na kurudi, na wale ambao huko mashambani hawana tena wa kumwendea.

Hao ndio wanaobaki mtaani wakati milango ya majirani imetiwa makufuli. Miongoni mwao imezuka desturi ambayo mimi, kama daktari, naiona ina faida. Marafiki wanane au kumi hukutana nyumbani kwa mmoja wao jioni moja kabla ya Krismasi, wakala, wakazungumza na kubadilishana zawadi. Majina huandikwa mapema kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia au sufuria, na kila mmoja akaokota jina la mtu atakayemnunulia. Anayeokota jina lake mwenyewe hulirudisha. Siri hutunzwa hadi siku yenyewe.

Naiunga mkono desturi hii, na sioni haya kusema kuwa karamu ya namna hiyo ni sehemu ya afya. Lakini nina onyo moja. Pale inapogeuzwa kuwa mashindano ya nani ametoa zawadi ya bei kubwa zaidi, inawafukuza watu wale wale waliokuwa wakiihitaji kuliko wengine wote. Mwenyeji anayejali afya ya rafiki zake ataanza kwa kuweka kikomo cha bei, tena kikomo cha chini.

Upweke si jambo la kuchekwa

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sayansi ya leo inakubaliana nao. Mnamo Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia uhusiano wa watu katika jamii ilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka, yaani takriban 100 kila saa. Ilieleza kuwa upweke huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na huzuni nzito.

Ndugu msomaji, usidhani mambo hayo ni ya Ulaya peke yake. Mgonjwa wa hapa kwetu haji hospitalini akasema, "Daktari, mimi ni mpweke." Atasema kichwa kinamwuma kila jioni, hapati usingizi, kifua ni kizito, chakula hakipiti. Yule wa shinikizo la damu atakuwa ameacha kumeza dawa kwa kuwa hakuna wa kumkumbusha. Unampima malaria, huna unachokiona. Ukimwuliza polepole anakula na nani jioni, anatazama sakafu.

Kwa mtu kama huyo, mwaliko wa kuketi na marafiki kwa saa tatu, kuitwa kwa jina lake na kuona kuwa kuna mtu aliyefikiria atampa nini, ni jambo kubwa. Haliwezi kuchukua mahali pa dawa wala ushauri wa daktari. Lakini ni kinga, na kinga ni bora kuliko tiba.

Kwa nini bei iwekwe chini

Sasa hebu tufikirie ujumbe unaotumwa kwa simu: "Zawadi isipungue shilingi 3,000." Mwenye mshahara mzuri atausoma na kuendelea na kazi yake. Lakini rafiki aliyepunguzwa kazini Agosti atafanya nini? Njia zake ni tatu. Akope kwa simu na kuingia Januari akidaiwa, wakati karo ya shule inamngoja. Aje na kitu hafifu, akae pembeni akiona aibu. Au apige simu jioni ile na kudai kuwa amepatwa na homa.

Wengi huchagua hiyo ya tatu. Karamu huendelea na watu husema, "Fulani siku hizi ana maringo." Hana maringo, hana pesa. Anayekaa nyumbani peke yake usiku ule ndiye hasa aliyefaa kuwa mezani.

Ndiyo maana nashauri kikomo kiwe kiasi ambacho aliye na kipato cha chini kuliko wote katika kundi anaweza kukitoa bila kukopa. Kikomo hicho kisiwe kiasi cha chini kabisa bali cha juu kabisa. Mseme, "Isizidi shilingi 300," na yeyote asiruhusiwe kuvuka. Kwa pesa hizo mtu atapata kikombe kizuri, majani ya chai, leso ya mfukoni, mche wa maua ndani ya mkebe, au kitabu cha mitumba. Tena ruhusuni zawadi ya kutengenezwa kwa mkono, au ahadi ya kazi: "Nitakulelea mtoto Jumamosi moja uende saluni."

Najua wapo watakaosema kuwa huko ni kujitia uchoyo. Nawajibu kwa ushahidi. Mnamo 2008, jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Canada na Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton. Watu waligawiwa dola 5 au dola 20. Baadhi waliagizwa wazitumie kwa mahitaji yao, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliowanunulia wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha pesa hakikuleta tofauti. Aliyetoa dola 5 alifurahi sawa na aliyetoa 20. Mnamo 2013, Aknin na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine uliowahusisha pia watu wa Uganda, Afrika Kusini na India, na uhusiano huo kati ya kutoa na furaha ulionekana huko pia.

Na je, anayepokea? Mnamo 2009, Francis Flynn na Gabrielle Adams wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kuwa watoaji hudhani zawadi ya bei kubwa itashukuriwa zaidi, lakini wapokeaji hawaoni hivyo. Bei humsumbua anayenunua tu. Kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo tuliijua kabla ya vyuo vikuu kuipima.

Wengine hupinga kwa sababu tofauti. Wanasema kuokota majina na kufunga zawadi kwa karatasi za rangi ni mambo ya kuiga. Karatasi huenda ni za kuiga, lakini tendo lenyewe ni letu. Nani kati yetu alilelewa kwenda kumtembelea mtu mikono mitupu? Mama zetu walibeba sukari, unga au ndizi, na waliporudi kikapu hakikuachwa kitupu. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeuliza bei ya ndizi.

Zawadi zisizofaa

Aidha, ziko zawadi ambazo daktari hawezi kuzinyamazia. Usimpe rafiki majani ya kupunguza unene wala dawa za nguvu. Humjui ana maradhi gani wala anameza nini. Usimpe krimu ya kung'arisha ngozi. Nyingi huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo. Manukato makali si mema kwa mwenye pumu. Na ikiwa watoto watakuwapo, jihadharini na vitu vyenye betri bapa zinazofanana na kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio katika muda wa saa mbili. Huyo akimbizwe hospitali papo hapo, asingojee asubuhi.

Wajibu wa mwenyeji

Mwenyeji mwema huwapokea wageni wake wakiwa wazima na kuwarudisha makwao wakiwa wazima. Kwanza ni chakula. Pilau na nyama vikishapikwa visiachwe mezani kwa zaidi ya saa mbili. Ikiwa wageni watachelewa, na katika jiji hili lazima watachelewa, chakula kiwekwe motoni kikiwa moto wa kufuka mvuke au kihifadhiwe kwenye friji. Katika wali kuna bakteria ambayo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa joto la kawaida kwa muda mrefu, bakteria hiyo hutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi. Nyama mbichi iwe na kisu chake na ubao wake, mbali na kachumbari.

Pili, kumbuka kwamba katika watu kumi wa umri wetu hakosi mwenye shinikizo la damu au kisukari. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban vijiko vidogo vinane vya sukari. Weka maji ya kunywa na matunda mahali panapoonekana, ili anayeyataka asilazimike kuyaomba mbele za watu. Punguza chumvi, kisha weka kichupa mezani kwa anayetaka kuongeza. Na ukisema chakula ni saa moja, kiwe saa moja. Mgonjwa anayejidunga insulini akicheleweshewa chakula, sukari yake inaweza kushuka mpaka akazimia. Akianza kutetemeka, kutokwa na jasho na kusema ovyo, mpe haraka kitu cha sukari ikiwa bado anaweza kumeza. Si ulevi huo.

Tatu ni pombe. Asiyekunywa asiulizwe sababu. Huenda anameza dawa, huenda ni mjamzito, huenda anapigana na uraibu ambao hajamwambia mtu. Kumshurutisha kwa mzaha, "Kidogo tu, ni Krismasi," ni ukatili. Kinywaji kinunuliwe mahali panapojulikana. Tusisahau kuwa Novemba 2000, pombe haramu iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 hapa Nairobi na kuwapofusha wengine. Aliyelewa asiendeshe gari. Ini huondoa pombe kwa mwendo wake, na wala kahawa kali, supu wala maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Tandika mkeka na blanketi, alale hapo hapo.

Nne, kwa wale wa Limuru na sehemu nyingine zenye baridi, jiko la makaa lisiingizwe sebuleni na madirisha kufungwa ili watu waote moto. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu husinzia wakidhani ni shibe, na wengine hawaamki. Kuketi karibu karibu na kugawana shuka kutawapa joto la kutosha.

Kiti kisicho na mtu

Mwisho, nawaomba wenyeji wafanye jambo moja ambalo halimo katika matayarisho ya kawaida. Wageni wakishafika, hesabuni. Nani aliyealikwa hakuja? Msitosheke na udhuru wake wa homa. Mpakulieni chakula, mchukue zawadi yake, na wawili wenu mwende kumbishia mlango kesho yake asubuhi. Mkimkuta amekata tamaa, akisema afadhali asingekuwapo duniani, msimcheke wala kumhubiria, na msimwache peke yake. Kaeni naye, msikilizeni, mpelekeni hospitali. Maneno hayo ni dalili ya ugonjwa kama zilivyo damu na homa.

Iwapo bado hujatuma mwaliko, basi uandike leo kwa maneno manne tu: siku, mahali, saa ya chakula, na bei isiyovukwa. Halafu soma orodha yako ya wageni na ujiulize ni nani atakayetumia Krismasi hii akiwa peke yake na hajaandikwa humo. Mwandike yeye kwanza.