Mtoto akianguka kifafa, dua na dawa viende pamoja

Mzazi mmoja wa hapa Mbezi Beach aliniletea binti yake akiwa na jeraha la moto. Aliangukia jiko la mkaa. Nilipodadisi, nikaambiwa anaanguka tangu mwaka jana, na muda wote huo amekuwa akisomewa tu, kwani familia iliamini ni majini. Mimi nimesoma madrasa kabla ya kusomea utabibu, na kisomo sikipingi. Ninachopinga ni kisomo kufanywa sababu ya kumnyima mtoto dawa.

Ubongo ni kiungo, nao huugua kama figo. Tazama Mahenge, mkoani Morogoro. Katika miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alihudumia huko wagonjwa wengi wa kifafa, akaona na watoto ambao vichwa vyao huinama-inama. Baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulionekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Maeneo hayo yana mito na nzi weusi wanaoeneza minyoo ya usubi.

Mwaka 2017 watafiti waliowapima watoto wa Uganda walitoa maelezo haya: mwili hutengeneza kingamwili za kupambana na mnyoo, lakini mnyoo una protini inayofanana na protini ya ubongo iitwayo leiomodini-1. Kinga ikachanganya. Ni kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba kwa sababu kanzu yake inafanana na ya mwizi. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya maelezo hayo, ila kuhusika kwa usubi kuna ushahidi mwingi.

Kinga kushambulia ubongo si jambo la kubuni. Mwaka 2007 yalielezwa maradhi ambayo kingamwili humfanya msichana mzima aanze kuweweseka, kuona yasiyokuwepo na kupata degedege. Ukimwona utasema amepagawa. Wengi hupata nafuu wakitibiwa mapema.

Hapa kwetu kifafa kina sababu nyingi: kuumia kichwa, uzazi mgumu, malaria kali. Anayeijua ni aliyepima.

Kumbuka yule mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamikia kuanguka na kufunukwa. Hakumfukuza wala hakumwaibisha; alimwombea asifunukwe. Na ni yeye Mtume aliyetuamrisha tujitibu.

Basi mtoto akianguka, mlaze ubavu, muondolee vitu vya hatari, usimtie kijiko mdomoni wala usimbane. Povu lake haliambukizi. Ikipita dakika tano, mkimbize hospitali. Akianzishiwa dawa, asiache bila ushauri wa tabibu, hata Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa yake kisheria.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msomee mwanao, kisha mshike mkono umpeleke hospitali.

Wabillahi tawfiq.