Godoro Lisilo na Kifuniko Lisihesabiwe Kitanda

Kila inapotolewa hesabu ya maendeleo ya afya katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, hesabu inayotangulia kutajwa ni ya vitanda. Tunaambiwa hospitali hii ina vitanda kadha, wodi ile ya wazazi imeongezewa vitanda kadha, na kituo kile kilichokuwa hakilazi wagonjwa sasa kinalaza. Hesabu hiyo ni njema, nasi hatuna nia ya kuibeza. Tangu matibabu yalipotangazwa kuwa haki ya kila mwananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, hadi kujengwa kwa hospitali 10 za wilaya na hospitali ya mkoa ya Lumumba katika miaka hii ya karibuni, hatua iliyopigwa inaonekana kwa macho.

Hata hivyo, leo tunapenda kuuliza swali moja dogo ambalo aghalabu halimo katika hotuba wala katika vitabu vya hesabu. Juu ya kila kitanda kuna godoro. Je, godoro hilo limevikwa nini?

Huenda wapo watakaoliona swali hili kuwa la kipuuzi, wakasema kwamba nchi yenye haja ya madaktari, dawa na mashine haina nafasi ya kukaa kitako ikajadili vifuniko vya magodoro. Sisi tunawakumbusha maneno ya wazee kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Jambo hili ni dogo kwa gharama, lakini si dogo kwa madhara yake.

Magodoro mengi ya siku hizi, ya hospitalini na ya majumbani, ni ya sifongo. Kazi ya sifongo ni kunyonya. Mgonjwa akitokwa na damu, mkojo, usaha au matapishi, au mzazi akivunja chupa, majimaji hayo hupita katika shuka kama yapitavyo katika chujio, yakazama godoroni. Hapo shuka hubadilishwa, likatandikwa jingine jeupe lililopigwa pasi, na kila apitaye akasifu usafi wa wodi. Lakini mgonjwa wa pili anapolala, uzito wake huliminya godoro lile, na kilichozama jana hupanda juu leo. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mmoja wetu katika chumba hiki cha habari alipata kumuuguza mzazi wake katika hospitali ambayo hatutaitaja, kwa kuwa makusudi yetu si kumfedhehi mtu. Usiku mmoja, akisaidiana na muuguzi kubadilisha shuka, aliona kwamba kifuniko cha godoro kimechanika katikati, upana wa kiganja, na sifongo iliyo chini yake imegeuka rangi ya chai. Muuguzi yule, aliyekuwa na wodi nzima mikononi mwake, alishusha pumzi tu, akakunja kanga mara nne na kuiweka pale penye tundu. Hatumlaumu. Alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho. Tunachouliza ni nani aliyekuwa na wajibu wa kulijua tundu lile kabla ya usiku ule, na katika daftari gani lilikuwa limeandikwa.

Wala jambo hili si la nchi changa peke yake. Mwaka 2013 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitoa onyo kwa hospitali za nchi hiyo tajiri. Katika muda wa miaka miwili, tangu Januari 2011 hadi Januari 2013, ilikuwa imepokea taarifa 458 za vifuniko vya magodoro ya wagonjwa vilivyoshindwa kuzuia damu na majimaji ya mwili yasipenye ndani. Onyo lenyewe halikuwa la mambo makubwa: vifuniko vikaguliwe kila mara, kilichochanika au kuchakaa kiondolewe, na pasiwe na kudhani kwamba kifuniko kinadumu milele. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa hospitalini kwa maradhi yanayohitaji matibabu ya haraka, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati huambukizwa angalau ugonjwa mmoja humo humo hospitalini, na kwamba kwa wastani mmoja katika kila kumi wa walioambukizwa hufa. Hatusemi kwamba yote hayo yanatoka kwenye magodoro, kwani mikono isiyonawiwa ina sehemu kubwa zaidi. Tunachosema ni kwamba godoro chafu ni mlango mmojawapo, tena ni mlango unaofungika kwa urahisi.

Wazee wetu, pamoja na uchache wa nyenzo zao, walilifahamu jambo hili. Kitanda chao kilikuwa cha kamba za usumba, kinachopitisha hewa juu na chini. Juu yake palitandikwa mkeka wa ukindu, ambao ukichafuka uliweza kuoshwa kwa maji na kuanikwa juani, na ukichakaa ulisukwa mwingine. Hata godoro la sufi liliweza kufumuliwa, sufi ikaanikwa na kuchambuliwa, kisha likashonwa upya. Sifongo imetuletea raha ya mgongo, lakini haifumuliki. Ikishalowa ndani, jua la kutwa nzima hukausha ngozi ya juu tu, na wakati wa masika hata jua lenyewe halipatikani. Tulipolipokea godoro jipya tulisahau kwamba linahitaji ulinzi ambao mkeka haukuuhitaji.

Tena somo hili tumelisoma kwa uchungu. Kipindupindu kilivishambulia visiwa hivi zaidi ya mara moja katika karne ya 19, kikarudi mwaka 1978, na kikatusumbua tena mara kadha hadi miaka ya 2015 na 2016. Katika kambi za kipindupindu mgonjwa halazwi juu ya sifongo tupu. Hulazwa juu ya kitanda chenye tundu na turubai lisilopenya maji, ndoo ikawekwa chini, na akitoka kitanda huoshwa kwa klorini kabla hajaletwa mwingine. Yaani wakati wa dharura tunaifuata kanuni barabara. Kwa nini dharura ikipita tuiache, hali wodi ya wazazi humwagika damu kila siku ya Mungu?

Kifaa chenyewe si kigeni. Ile mipira ambayo wauguzi wetu huiita makintoshi imepata jina lake kutokana na Charles Macintosh wa Uskochi, aliyepata hati ya kumiliki ugunduzi wake mwaka 1823 baada ya kubandika mpira kati ya vitambaa viwili hadi maji yasipenye. Akina mama wengi huutia mpira wa namna hiyo katika mkoba wao pamoja na kanga na pamba siku za kujifungua zinapokaribia. Ni tahadhari njema, lakini mpira ule humlinda mama kwa saa ya kujifungua tu. Hufunika sehemu ya kitanda, huteleza, na huondoka pamoja na mwenyewe. Hauwezi kushika nafasi ya kifuniko kinachovaa godoro zima pande zote sita.

Hapa hatuna budi kutahadharisha kuhusu ununuzi. Kipo kifuniko cha plastiki nzito, ambacho ni rahisi kwa bei na huzuia maji, lakini kwa joto letu la kaskazi humfanya mgonjwa aoge jasho, na jasho likikaa mgongoni hulainisha ngozi na kuifanya ichubuke. Kipo pia kitambaa kilichopakwa poliyurethani, ambacho huzuia maji yasiingie lakini huruhusu mvuke wa jasho utoke, na hunyooka mgonjwa anapojigeuza. Hiki cha pili ndicho kimfaacho mtu atakayelala wiki tatu. Mshono nao uangaliwe, kwa sababu kila tundu la sindano ni njia ya maji, na zipu nayo iwe imefunikwa kwa ulimi wa kitambaa. Anayenunua kwa kuangalia bei peke yake hununua mara mbili.

Kwa mtoto mchanga jambo hili lina uzito wake peke yake. Kinga ya mwili wake bado ni changa, kitovu chake ni kidonda kibichi, na mwenyewe hana uwezo wa kujiondoa penye uchafu. Alale juu ya godoro gumu kiasi, lililo bapa, lenye kifuniko kilichokaza kisichofanya mikunjo, na alazwe chali. Tunawasihi wazazi wasitumie mifuko myepesi ya nailoni wala vipande vya plastiki vilivyolegea chini ya mtoto. Kitu chepesi namna hiyo kikimfunika pua na mdomo, humziba pumzi kimya kimya. Kinga isiyowekwa kwa akili inaweza kuwa ndiyo balaa yenyewe.

Wapo pia wagonjwa wasioingia katika hesabu ya hospitali yoyote: mzee aliyepooza upande mmoja, bibi asiyeweza tena kuuzuia mkojo, kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka mkarafuuni. Hao huuguzwa na binti zao na wakwe zao, usiku na mchana, katika vyumba vya nyuma. Unyevu ukichanganyika na kulala ubavu mmoja huzaa vidonda vya kulalia, ambavyo huanza kwa wekundu mdogo na kuishia kwenye mfupa. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, hukaushwa, na godoro lake huvikwa. Bila ya kifuniko, familia maskini hulitupa godoro na kununua jingine, au, lililo baya zaidi, hulalia lile lile mgonjwa anapofariki.

Tukirejea hospitalini, utunzaji wa vifuniko ni kazi iliyo wazi. Mgonjwa akiondoka, kifuniko kwanza huoshwa kwa maji na sabuni, kwa kuwa klorini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Penye damu hupakwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, ambayo hupatikana kwa kuchanganya kipimo kimoja cha dawa ya madukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji. Huachwa dakika kumi, kisha kifuniko husuuzwa na kukaushwa, maana klorini iliyoachwa hukila kitambaa. Kukijaribu nako hakuhitaji mtaalamu. Karatasi nyeupe huwekwa chini ya kifuniko, maji kidogo humwagwa juu, mahali pakabonyezwa kwa ngumi. Karatasi ikilowa, kifuniko kimekufa.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya na wote wanaohusika wayatie maanani mambo manne. La kwanza, katika kila zabuni ya vitanda, na katika kila msaada tunaopewa na marafiki, kifuniko kiwe ni sehemu ya kitanda, na viwepo vya akiba, ili kimoja kikioshwa kingine kivae. La pili, kila godoro liwe na namba na tarehe, na kila wodi iwe na daftari ambamo mkaguzi anatia sahihi kila mwezi. La tatu, Bohari Kuu ya Dawa ivihesabu vifuniko kama inavyohesabu mabomba ya sindano, kwa maana ni bidhaa inayokwisha wala si samani ya kudumu. La nne, mafundi cherehani wa Unguja na Pemba wafundishwe kushona vifuniko vya kutumika majumbani, mshono ukiwekwa upande wa chini, ili familia inayouguza ipate kwa bei inayobebeka.

Tunajua jibu litakalotolewa, nalo ni kwamba fedha hazitoshi. Jibu hilo tunaliheshimu, lakini kwa jambo hili halina nguvu. Kifuniko ndicho kinacholinda godoro lililonunuliwa kwa fedha hizo hizo, na mgonjwa aliyeambukizwa kitandani hutumia dawa zaidi na siku zaidi kuliko aliyekuja na ugonjwa mmoja akaondoka bila ya wa pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nao wananchi wana wajibu wao. Wapo wanaokwenda kutazama wagonjwa wakakaa kitandani na funguo mifukoni, wanaomenyea matunda juu ya godoro kwa kisu, na wanaobana chandarua kwa pini iliyochomwa kwenye kifuniko. Tundu la pini halionekani, lakini maji hayahitaji mlango mkubwa. Mali ya hospitali ni mali yetu, na atakayelala juu ya kitanda kile kesho huenda akawa ndugu yako, au wewe mwenyewe.

Laiti siku moja kiongozi atakapofungua wodi mpya, kabla ya kukata utepe, angenyanyua shuka la kitanda kimoja mbele ya watu wote na kutazama kilicho chini yake! Tungekuwa na hakika kwamba hesabu ya vitanda inayosomwa jukwaani ni hesabu ya kweli. Hadi hapo, sisi tunashikilia kwamba godoro lisilo na kifuniko kizima lisihesabiwe kitanda.