Cheti cha msaada wa kwanza si picha ya ukutani

Ndugu watumikaji, na ninyi akina mama mnaowangojea nyumbani,

Sekuristi, yaani mtu wa msaada wa kwanza, akipata cheti chake hukitundika karibu na picha ya ndoa. Ana haki ya kujisifu. Lakini tazameni tarehe. Ikiwa imepita miaka 2, mimi nasema: arudi mafunzoni.

Si sisi tu tunaofikiri hivyo. Ufaransa, sekuristi wa kazini anafunzwa saa 14, kisha kila miezi 24 anarudi kujaribiwa tena. Marekani, cheti cha taifa cha ngazi ya kwanza ya msaada wa dharura kinadumu miaka 2, na kukifanya upya kunadai saa 16 za masomo.

Kwa nini? Kwanza, mikono inasahau. Moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika kwa dakika 4 hadi 6. Mashini ikivunjika, depo inatoa piyesi nyingine. Ubongo wa mtu hauna piyesi. Mle shimoni munganga yuko mbali, aliye karibu ni wewe. Huo si wakati wa kuuliza, "Tulifundishwa namna gani?"

Pili, mafundisho yenyewe yanageuka. Aliyesoma kabla ya mwaka 2005 alifundishwa kumkandamiza mtu mzima kifua mara 15, kisha pumzi 2. Leo ni mara 30 kwa pumzi 2, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 au 6. Mwenye cheti cha zamani atafanya kwa moyo mwema jambo lililokwisha kuachwa.

Najua shefu atasema: "Posti itapungukiwa watu, tani zitashuka." Shefu, kamyo inasimamishwa ili freni zipimwe, na hakuna anayelalamika. Mkono wa sekuristi nao ni freni: unazuia kifo mpaka ambulansi ifike.

Na wewe sekuristi, kumbuka kwamba cheti hakikufanyi munganga. Hapana sindano, hapana kugawa vidonge. Kazi yako ni kuzuia damu, kulinda pumzi, kukandamiza kifua, kuita msaada.

Mama, jioni hii soma tarehe ya cheti cha bwana. Ikiwa imepita, kesho asipite mlango wa dispansari bila kuandikisha jina lake.