MANENO NA MAANA YAKE: KABURI, MAVA NA ZIARA

Msomaji wetu mmoja wa upande wa Newala atuuliza hivi: “Mzee wetu ameusia azikwe maziarani. Vijana wa nyumbani wanasema kwamba huku hakuna ziara, kwani ziara ni kaburi la sharifu au la walii. Je, ni nani mwenye haki?”

Jawabu: Neno kaburi asili yake ni Kiarabu, nalo ni pahali alipolazwa maiti mmoja. Yakiwa mengi ni makaburi, na hili ndilo jina lililoenea zaidi, kama vile makaburi ya Kisutu mjini Dar es Salaam, au ya Mwanakwerekwe huko Unguja. Mava ni neno la kale la watu wa pwani, na maana yake ni mahali pa kuzikia watu, wala si kaburi moja. Ndugu zetu Wayao wa Masasi husema malembe.

Ama ziara, kwa asili si kaburi kabisa, bali ni tendo la kuzuru. Kwa kuwa watu walizoea kwenda kuyazuru makaburi ya wacha Mungu, jina la tendo likahamia mahali penyewe. Hapo ndipo yalipotoka maneno ya vijana, nao hawakukosa. Lakini wazee wengi huita maziara makaburi yoyote ya Waislamu, wala nao hawakukosa. Tazama Suratut Takathur, aya ya 2: kuzuru na makaburi yametajwa pamoja, katika kuwaonya wale walioshughulishwa na kushindana kwa wingi wa mali. Na Mtume (s.a.w.) aliruhusu kuyazuru makaburi, baada ya kukataza, kwa sababu yanakumbusha Akhera.

Basi vijana wasishike jina wakaacha wasia. Mzee hakuomba kujengewa kuba. Ameomba azikwe pale ambapo watu wake watamwendea.

Na jambo hili lina uzito kwetu sisi wa uwanda wa Makonde. Makaburi ya wazee mara nyingi yamo mashambani, kati ya mikorosho. Shamba likigawanywa katika mirathi, au likiuzwa bila ya makaburi kutajwa, haupiti muda jembe likapita juu yake. Mtume (s.a.w.) amekataza hata kukaa juu ya kaburi, seuze kulilima!

Kwa hiyo, kabla ya kugawa au kuuza, wekeni mawe ya alama, muandike katika hati kwamba pahala hapo ni maziara, na muwapeleke watoto wapaone kwa macho yao. Kwani ziara isiyozuriwa na mtu imebakiwa na jina tu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atuwafikishe sisi tulio nyuma yao. Amin.