Darasa la Awali Lisigeuzwe Ghala la Watoto

Kila mwaka ifikapo Januari, maelfu ya watoto wenye umri wa miaka mitano huvuka kizingiti cha shule kwa mara ya kwanza. Wengi wao hawajapata kukaa kutwa na watu wasio jamaa zao, na vijijini wako ambao lugha ya nyumbani kwao si Kiswahili. Mapokezi watakayoyapata katika majuma ya mwanzo ndiyo yatakayowafundisha kama shule ni mahali pa furaha au pa hofu. Kwa hiyo darasa la awali, ambalo watu wengi hadi leo huliita chekechea, si jambo la kufanyiwa mzaha.

Nchi imelitambua hilo hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1970 vijiji kadhaa vya ujamaa vilianzisha vituo vya watoto ili akina mama wapate nafasi ya kwenda shambani, na mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Toleo la 2023 la sera hiyo, ambalo utekelezaji wake ulianza kwa awamu Januari 2024, limeweka mwaka mmoja wa awali na kupunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Hapo ndipo penye uzito. Mtoto ambaye zamani alikuwa na miaka saba ya kuusahihisha mwanzo mbaya, sasa ana sita tu. Mwaka wa awali ukipotea bure, hakuna wa kuufidia.

Hata hivyo, katika shule nyingi darasa hilo ndilo la mwisho kukumbukwa. Hupewa chumba kilichobaki baada ya madarasa mengine kupangwa, na mwalimu aliyebaki baada ya wenzake kugawiwa masomo. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini wako walimu wanaobeba mzigo mara mbili au tatu ya huo. Mwalimu wa namna hiyo hana jinsi ila kuandika irabu ubaoni na kuwaitikisha watoto kwa sauti moja mpaka kengele ilie. Apitaye dirishani husikia kelele nzuri, akadhani elimu inatolewa. Kumbe watoto wamehifadhiwa tu, kama magunia ghalani.

Kuimba namba si kuhesabu. Mtoto aweza kutamka moja hadi mia bila kosa, na bado asijue kwamba vizibo saba ni vingi kuliko vitano. Atalijua hilo siku atakapovishika vizibo hivyo mwenyewe, avipange, avitenge, na kumgawia mwenzake. Vivyo hivyo kuandika hakuanzi na penseli. Kidole kinachofinyanga udongo, kutunga shanga na kuchora mchangani ndicho kitakachoimudu penseli baadaye bila kutetemeka. Mchezo wa duka humfundisha mtoto kuuliza, kujibu na kungoja zamu yake. Kitendawili humfundisha kufikiri kabla ya kusema.

Hayo si mageni. Mjerumani Friedrich Fröbel alipofungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 aliijenga juu ya michezo na kazi za mikono. Lakini hata kabla ya habari zake kufika huku, mabibi walikuwa wakiwalea wajukuu kwa hadithi, na watoto wakijifunza hesabu katika mdako na bao. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 nao ulisisitiza mtoto ajifunze kwa vitendo na michezo, katika kona zenye vifaa vya kushikika.

Wapo wazazi wasioridhika na jambo hilo. Wao hupima shule kwa daftari lililojaa, na mtoto akirudi na mikono yenye udongo hulalamika kwamba ameshinda akicheza. Hofu yao haistahili kubezwa, kwani hakuna mzazi apendaye mwanawe aachwe nyuma. Lakini lawama ziwaendee pia wenye shule wanaowafanyia usaili watoto wadogo kabla ya kuwapokea, maana wao ndio wanaowatia wazazi wasiwasi huo. Mtihani kwa mtoto wa miaka mitano haupimi akili yake. Hupima uwezo wa mzazi wake wa kumlipia mwalimu wa ziada.

Wengine husema vifaa ni ghali. Vizibo, magunzi, mbegu, vijiti na udongo wa mfinyanzi haviagizwi ng'ambo. Fundi seremala wa kijiji aweza kuchonga vibao kwa masalio ya mbao zake. Lakini isiwe kisingizio cha kuwaachia wananchi kila kitu. Mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo, chumba chenye nafasi na choo kinachomfaa mtoto mdogo ni wajibu wa Serikali, na magunzi hayawezi kushika nafasi yake.

Hapana budi, basi, kila mwenye dhamana ashike sehemu yake. Walimu wakuu wawapangie watoto wa awali mwalimu aliye hodari kuliko wote, si aliyechoka kuliko wote. Halmashauri, zinapogawa walimu wapya, zianze na madarasa yenye msongamano wa wadogo. Kamati za shule zihakikishe uji unapatikana, kwa sababu mtoto mwenye njaa hachezi wala hasikii. Wathibiti ubora wa shule nao wasiishie kukagua madaftari. Waketi darasani watazame mikono ya watoto inafanya nini.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ukishakauka, hata mfinyanzi hodari huambulia vigae. Watoto walioingia darasani Januari hawatakuwa tena na miaka mitano mwaka ujao.