Dona Si la Kuonewa Haya

Siku hizi maduka ya dawa huuza, kwa bei kubwa, makopo ya unga wa maganda ya mbegu ili kulainisha choo. Hatuwalaumu wanunuzi, kwani kufunga choo ni taabu ya kweli, na wako wagonjwa ambao unga huo wawafaa. Lakini twauliza: makapi yetu wenyewe tumeyapeleka wapi?

Jibu liko mashineni. Mahindi hukobolewa, pumba wakapewa kuku, nasi tukajivunia sembe. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, aliona ya kuwa wanavijiji, ambao chakula chao kilikuwa na makapi mengi, walipatwa kwa nadra na maradhi ya utumbo yaliyoenea Ulaya. Leo Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Dona, maharage, kunde, mboga na matunda huzileta.

Basi, wananchi, si busara kumpa kuku kilicho chetu, kisha tukakinunue dukani. Turudishe dona mezani, hata mbele ya mgeni, wala tusione haya.