MTUNZAJI WA MZEE ALIYEPOTEZA KUMBUKUMBU ASIACHWE PEKE YAKE

Upo msiba usio na matanga katika Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Kyela hadi Kilolo, na kutoka Tukuyu hadi Mafinga, wamo vijijini wazee ambao wangali wanakula na kutembea lakini hawawatambui tena watoto waliowazaa. Mama huamka usiku wa manane akitaka kwenda kupalilia shamba lililouzwa miaka mingi iliyopita. Baba aliyekuwa mpatanishi wa ukoo humshutumu mkwewe kuwa ameiba fedha ambazo yeye mwenyewe amezificha chini ya godoro. Na karibu na kila mzee wa namna hiyo yupo mtu mmoja, aghalabu mwanamke, ambaye halali usingizi, hatoki kwenda sokoni wala kanisani, kwa kuwa akigeuka kidogo tu mzee atakuwa ameanguka motoni au amepotea porini.

Mtu huyo hana cheo, hana mshahara wala likizo. Hatajwi katika taarifa ya kata wala katika bajeti ya halmashauri. Anapolalamika huambiwa avumilie kwa sababu mzazi ni mzazi. Hali hii ni dhuluma, na yafaa iitwe kwa jina lake.

Kwanza ieleweke kwamba jambo linalozungumzwa hapa si uzee mtupu. Ni ugonjwa wa ubongo, ambao madaktari wanauita demensia. Aina yake iliyo maarufu kuliko nyingine ilielezwa mwaka 1906 na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Aina nyingine hutokana na kiharusi na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa huo duniani, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wale wanaosema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu wanasema jambo wasilolijua. Hapa hapa Tanzania, uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nao. Mbeya na Iringa si visiwa vilivyotengwa na Hai.

Lipo kosa la pili, nalo ni baya zaidi kuliko la kwanza. Bibi kizee anapokutwa nje ya nyumba ya jirani saa nane za usiku, amevaa nguo kinyume na kujisemea maneno yasiyoeleweka, wapo wanaotoa hukumu papo hapo kwamba ni mchawi ameshindwa kuruka. Mpiga ramli huitwa, jina hutajwa, na maisha ya mtu huwekwa rehani. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji yule anayemtuhumu mwenzake uchawi nje ya vyombo vya dola. Mwaka 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Lakini sheria haiwezi kulala katika kila kijiji. Kinachoweza kulala katika kila kijiji ni maarifa, na wenye maarifa hayo vijijini ni mwalimu, mganga wa zahanati na ofisa mtendaji. Je, wangapi kati yao husimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema wazi kwamba bibi huyu si mchawi, ni mgonjwa? Msomi anayenyamaza katika saa hiyo kwa kuogopa kuchukiwa amejitenga na wanyonge, hata kama ana shahada tatu.

Wapo pia wanaosema kwamba Mwafrika huwatunza wazee wake, kwa hiyo jambo hili ni la familia, na Serikali au Chama visiingizwe. Hoja hii inasikika vizuri, lakini ni potofu. Mwaka 1962, alipoandika juu ya ujamaa wa Kiafrika, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa mzee aliyeonekana kukaa bila kazi alikuwa amekwisha fanya kazi kwa bidii ujanani mwake, na ndiyo maana jamii nzima ilimtunza. Jamii nzima, wala siyo binti mmoja. Leo neno "familia" limekuwa pazia la kuficha ukweli kwamba watoto sita wamempa mmoja mzigo wa wote.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mtumishi wa umma aliyeko Dodoma au Dar es Salaam hutuma fedha kwa simu mwisho wa mwezi, akaona amemaliza wajibu. Desemba hufika kijijini kwa siku tatu. Mzee, kama ilivyo desturi ya ugonjwa huu katika hatua zake za mwanzo, hujikakamua mbele ya mgeni, akajibu salamu vizuri na kucheka. Ndugu mkubwa huondoka akiamini kuwa dada yake anatia chumvi, na pengine anazila fedha za dawa. Hajawahi kukaa naye usiku. Hajawahi kuulizwa swali moja mara arobaini kabla ya jua kuchwa. Fedha ni msaada, lakini fedha haishiki zamu ya usiku.

Kwa Mbeya na Iringa deni hili lina uzito wa pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003-04 uliukuta mkoa wa Mbeya ukiongoza kwa maambukizo ya virusi vya UKIMWI, kwa asilimia 13.5 ya watu wazima. Ule wa 2007-08 uliikuta Iringa ya wakati ule, ambayo Njombe ilikuwa bado sehemu yake, ikiwa na asilimia 15.7, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 5.7. Nyuma ya tarakimu hizo yalikuwapo makaburi, na nyuma ya makaburi walikuwapo yatima. Nani aliwalea? Ni bibi zao. Wanawake waliokwisha maliza kulea walianza upya, wakalima viazi na mahindi, wakauza ulanzi, wakanunua sare na daftari. Watoto wale sasa ni watu wazima. Baadhi yao ni walimu, wauguzi na makarani wanaosoma ukurasa huu. Na baadhi ya mabibi wale leo hawakumbuki majina ya watoto waliowanyanyua. Taifa likiwaacha sasa, litakuwa limekula jasho lao na kuwatupa.

Lakini enzi ile ya msiba iliiachia Nyanda za Juu Kusini pia hazina. Hospitali zilipojaa, wananchi walijifunza kuuguza nyumbani. Mjini Mbeya kilianzishwa kikundi cha KIHUMBE, yaani Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya, na katika mikoa yote miwili watu wa kujitolea walifundishwa kumgeuza mgonjwa kitandani, kuzuia vidonda, kuketi na familia na kusikiliza. Maarifa hayo hayakuletwa na ndege. Yalikomazwa nyumba kwa nyumba. Mahitaji ya mtunzaji wa mzee aliyepoteza kumbukumbu ni karibu yale yale: mtu wa kubisha hodi, mtu wa kumfundisha, na mtu wa kumpokea zamu. Kwa nini basi nguvu hiyo iachwe ilale?

Ipo pia kasumba isemayo kuwa kwa vile ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, hakuna sababu ya kwenda hospitali. Kasumba hii imewaumiza wengi. Usahaulifu mwingine si demensia hata kidogo. Husababishwa na sonona, kasoro ya tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12, mchanganyiko wa dawa au virusi vya UKIMWI vyenyewe, na mengi kati ya hayo yanatibika. Mzee anayechanganyikiwa ghafla katika muda wa siku mbili huenda ana homa ya mapafu au maambukizo ya njia ya mkojo, naye anahitaji daktari siku hiyo hiyo, wala siyo mpiga ramli. Shinikizo la damu na kisukari vikidhibitiwa mapema, ubongo huhifadhiwa. Jopo la wataalamu la jarida la The Lancet lilieleza mwaka 2024 kuwa karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na kati ya visababishi lilivyovitaja ni kukosa elimu utotoni, uziwi, upungufu wa kuona usiotibiwa, pombe, sigara na upweke. Mwalimu anayefundisha vizuri darasa la pili, kumbe naye anazuia maradhi ya miaka sitini ijayo.

Hata pale ambapo ugonjwa umekwisha kuingia, yapo ya kufanya. Huko huko Hai wazee wenye demensia walikutanishwa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 katika wiki 7, wakazungumza, wakaimba, wakatazama picha na kukumbuka mambo ya kale, na hali zao zikaonekana kuwa afadhali. Jambo hilo halikuhitaji mtambo. Lilihitaji chumba, viti na mtu aliyefundishwa. Ni kijiji gani cha Rungwe au Mufindi kisichokuwa na chumba cha darasa kinachokaa kitupu Jumamosi?

Yapo pia mambo ambayo kila mtunzaji angepaswa kuambiwa, na ambayo kwa kawaida haambiwi na yeyote. Mzee asibishiwe, akisema anamsubiri mama yake aliyekwisha fariki, asikemewe bali aulizwe mama huyo alikuwa mtu wa namna gani. Kazi zipangwe kwa saa zile zile kila siku. Apewe agizo moja moja, siyo matatu kwa pamoja. Jiko la mkaa lisiachwe karibu naye, hasa katika miezi ya baridi ya Juni na Julai. Majirani waelezwe wazi hali yake, na jina la kijiji chake pamoja na namba ya simu ya nyumbani vishonwe katika nguo yake. Asifungwe kamba kamwe, wala asifungiwe ndani kama mfungwa. Na mtunzaji mwenyewe apumzike, kwa maana aliyechoka kupita kiasi huishia kumpiga yule anayempenda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mafunzo ya watunzaji yaitwayo iSupport. Mafunzo ya namna hiyo yapaswa kumfikia mama wa Isimani kwa Kiswahili rahisi, kwa redio na kwa mdomo wa mhudumu.

Watanzania wanajua namna ya kufanya hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa lengo la kuwapata wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Hapana budi kila mmoja wao afundishwe kuitambua demensia na kumtembelea mtunzaji kama anavyomtembelea mama mjamzito.

Sheria nayo haina budi kutazamwa upya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilimpa mfanyakazi siku nne zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kwa ajili ya kifo cha mzazi wake. Ugonjwa wa mzazi haukutajwa. Yaani mfanyakazi alipewa siku za kwenda kumzika mama, hakupewa siku za kwenda kumwuguza. Nchi inayojivunia kuheshimu wazee haiwezi kuridhika na mpango wa namna hiyo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya Shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliajiriwa au alilima. Hatua hiyo ilithibitisha kuwa jambo likiamuliwa huwezekana. Upande wa Bara, mzee aliyelima Mbarali maisha yake yote anastahili heshima ile ile.

Wakati hayo yakishughulikiwa, hakuna mtumishi wa umma wala mwalimu mwenye udhuru wa kukaa akisubiri waraka. Anaweza kumwandikisha mzazi wake kuwa mtegemezi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Anaweza kutumia sehemu ya likizo yake ya mwaka kushika zamu, ili dada yake alale usiku mzima. Balozi wa shina anazijua kaya zake zote. Aseme ni ipi yenye mzee wa namna hii. Umoja wa Wanawake na Jumuiya ya Wazazi viweke zamu za kumpumzisha mtunzaji angalau siku moja kwa wiki. Baraza la wazee la kijiji liwe la kwanza kusimama mzee anapotuhumiwa uchawi. Ofisa ustawi wa jamii atoke ofisini.

Mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kuidai haki yake, kwa kuwa amekwisha sahau hata kwamba anayo. Anayemtunza naye hana nafasi ya kuidai ya kwake, kwa kuwa hawezi kutoka mlangoni. Basi wanaokumbuka ndio wanaopaswa kudai kwa niaba ya wote wawili, na waanze kwa kushika zamu wao wenyewe.